Ombi la Kuviondoa Viti Vyangu vya Kale Katika Misiba na Harusi za Mtaa

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Mkabala na Bomba la Maji.

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Kufaana ya Mtaa wetu.

Mama Mwenyekiti,

YAH: KUJITOA KWA VITI VYANGU KATIKA SHUGHULI ZA MTAA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na kwamba kiti ulichokalia ni chako mwenyewe. Kama ni chako, basi una bahati ambayo mimi, mkazi wako mtiifu, sina.

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa moyo uliokwaruzwa. Unanijua: mimi ndiye yule mkaguzi wa mizani na vipimo ambaye wauza sukari wakimwona anaingia sokoni huanza ghafla kuwa watu wa haki. Maishani mwangu sijawahi kulalamika kwa maandishi, isipokuwa kuhusu bomba, kuhusu jogoo wa jirani na kuhusu kibao cha mtaa kupigiliwa kikiwa kimeinama upande. Ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Utaratibu wetu naufahamu na sina haja ya kufundishwa. Nyumba yoyote ikipata msiba, harusi au kikao kikubwa, muuza nyama hupita na mkokoteni wake, na kila nyumba hutoa viti ilivyo navyo. Chini ya kila kiti Fundi Rangi amechora alama ya kwao. Wengine wana msalaba wa buluu, wengine herufi, na viti vyako wewe vina mwezi mwekundu ambao hata watoto wanaujua. Shughuli ikiisha, viti hugeuzwa, alama husomwa, na kila kiti hurudi nyumbani. Ni utaratibu mzuri sana, na mimi niliupenda kwa moyo wote nilipokuwa na viti vibaya.

Matatizo yalianza nilipoanza kuchagua viti. Nasema kuchagua, sisemi kununua, kwa kuwa kununua kiti anaweza yeyote aliyejaliwa makalio. Kuchagua kiti cha kale ni elimu, na kwa vile Kamati haina mjumbe hata mmoja mwenye elimu hiyo, niruhusu niwagawie kidogo. Kiti cha kale hakitazamwi usoni. Unakigeuza miguu juu, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame, na uongo wote wa kiti hufichwa chini. Unatafuta viungio vilivyoshikwa kwa vigingi vya mbao, si misumari. Unakinusa: cha kale kweli kinanuka nta na vumbi la ofisi, na cha kughushi kinanuka vanishi ya juzi. Mwisho unapapasa mikono yake, na hapo ndipo penye siri yenyewe. Ule mng'ao laini ulioko kwenye mikono na kwenye kikalio hauletwi na msasa wala mafuta. Huletwa na watu waliokaa hapo miaka nenda miaka rudi, wakisugua bila kujua wanachofanya. Hakuna fundi awezaye kuuigiza. Ndiyo maana viti vyangu vyote nimevifunga kamba kutoka mkono mmoja hadi wa pili, mtu asije akakaa.

Kwa elimu hiyo, na kwa msaada wa muuzaji mmoja mpole mwenye kibanda nyuma ya stendi, ambaye sisi wateja wake tunamwita Bwana Zamani, nimejipatia vifuatavyo: kiti cha mikono ambacho Bwana Zamani ananihakikishia kilikaliwa na hakimu, kiti cha henzirani chenye egemeo lililosukwa kwa ustadi, viti viwili vya jumba la sinema lililofungwa, vilivyoungana ubavuni kama pacha, na kiti cha chuma cha kinyozi, chenye wenzo wa kupandisha na kushusha. Havifanani, na havikukusudiwa kufanana. Mtu mwenye viti vinavyofanana sebuleni ana ukumbi, hana nyumba. Mke wangu anasema sisi hatuna nyumba wala ukumbi, tuna ghala. Lakini mke wangu nimemleta mapema, zamu yake inakuja.

Sasa naorodhesha malalamiko.

1. KUCHUKULIWA KWA VITI BILA TAARIFA. Mama yake mshona nguo alipofariki, mimi nilikuwa sokoni nikichunguza mzani wa muuza maharage mmoja, ambaye alikuwa amebandika kipande cha risasi mahali ambapo mwenyewe alidhani hapana macho. Niliporudi nyumbani nilikuta sebule imebaki tupu kama kinywa cha kibogoyo. Nilishika ukuta. Nikamwambia mke wangu aite polisi, akanijibu kwa utulivu kwamba si wezi, ni msiba. Nilikwenda kwa mshona nguo nikampa mkono wa pole, kama inavyopasa, kisha nikatumia alasiri yote nikipita nyuma ya waombolezaji kukagua mikwaruzo. Watu walidhani nimeguswa sana na marehemu. Sikukanusha.

Mama Mwenyekiti, sisemi watu wafe kwa miadi, mimi si mkatili. Nasema tu kwamba magonjwa mengi huonekana yakija. Mgonjwa akizidiwa, jamaa zake wangeandika barua fupi kwa mwenye viti vya kale, nakala kwa Kamati, ili apate muda wa kuvifunika. Kwa wanaofariki ghafla tutafute njia nyingine. Pengine waombolezaji wao wasimame.

2. UHARIBIFU WA ALAMA ZA KIHISTORIA. Chini ya kiti cha hakimu kulikuwa na samaki mdogo wa buluu, amechorwa kwa brashi nyembamba. Mtu asiye na elimu angempita tu. Mimi nilipomwona nilijua papo hapo kwamba ile ni sahihi ya fundi mkuu wa zamani, mtu ambaye hakuwa na haja ya kuandika jina. Nilimwonyesha kila mgeni aliyekubali kuinama. Basi katika msiba huohuo, Fundi Rangi akakiona kiti hakina alama yetu, akachovya brashi yake kubwa na kupaka herufi nyeupe juu ya samaki wangu. Nilipomfuata akaniambia kiti kisicho na alama hupotea, kana kwamba kosa ni langu.

Na hapa ndipo Baba, ambaye naishi naye, alipocheka hadi akakohoa, mke wangu akalazimika kumpiga piga mgongoni. Alipopata pumzi akasema samaki wa buluu anamjua vizuri. Kwa maelezo yake, ni alama ya viti vya kufaana vya mtaa wa ng'ambo ya soko, ambao alikuwa akiuhudumia enzi za kazi yake, na kiti hicho cha hakimu amekikalia yeye mwenyewe misibani mara nyingi kuliko hakimu yeyote. Kumbukumbu za wazee ni za kuheshimiwa, Mama, lakini si za kufuatwa. Nilimwuliza Bwana Zamani, akaapa kwamba ni hakimu.

3. UZITO. Kazi yangu imenipa jicho la kupima mtu akiwa bado yuko mlangoni, na hesabu yangu haikosei zaidi ya uzito wa viatu. Ndiyo maana niliumia kuliko mtu wa kawaida nilipomwona muuza nyama, baada ya kusukuma mkokoteni na kuteremsha viti vyote vya watu, akichagua kupumzika kwenye henzirani. Egemeo lililia. Watu wawili wakageuka wakidhani ni mfiwa.

Nimefanya uchunguzi nikagundua pia kwamba huzuni huongeza uzito. Mtu mwenye furaha hukaa polepole, akiangalia anapokaa. Mwenye msiba hujitupa. Kwa hiyo kiti kilichotengenezwa kumbeba karani mwembamba aliyeridhika na maisha hakiwezi kumbeba mjomba wa marehemu. Napendekeza mzani uwekwe langoni katika kila shughuli, waombolezaji wapimwe na kupangiwa viti kwa haki. Mzani naweza kuutoa mimi mwenyewe, na nitasimama hapo bila malipo.

4. MAPATANO. Hili ni nyeti na naomba lisisomwe kikaoni. Katika kikao cha mpaka wa viwanja, vile viti vyangu pacha vya sinema vilikaliwa na ndugu wawili wa nyumba ya kona, ambao kama ujuavyo walikuwa hawajasemeshana tangu walipogombania ukuta wa baba yao. Walikaa hapo kwa sababu nafasi nyingine hazikuwapo. Viti vile vina mkono mmoja tu katikati, wa watu wawili. Mmoja akiuweka mkono, mwenzake anauondoa. Mmoja akiinuka, kikalio kinapiga kofi kubwa na wote wanageuka kumwangalia. Wakavumilia hivyo wee, mwisho yule mkubwa akamwambia mdogo wake aweke tu mkono. Wakaanza kuzungumza, wakalia, wakakumbatiana wangali wamekaa.

Mtaa mzima ulifurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa kadiri mtu anavyoweza kufurahi akisikia bawaba za kale zikilegea. Tangu siku hiyo kikalio cha kushoto hakisimami sawasawa. Naomba Kamati itamke wazi kwamba wanaotaka kupatana wapatane kwenye mabenchi.

5. KITI CHA KINYOZI. Kwa harusi ya binti wa fundi bomba, vijana wakakibeba kiti changu cha chuma na kumkalisha mjomba wa bibi harusi, kwa kuwa ndicho kilichoonekana cha heshima kuliko vyote. Katika hilo hawakukosea. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuwa na elimu ya wenzo. Mjomba akaanza kuwausia maharusi akiwa juu kuliko watu wote, na kila alipokanyaga kwa mkazo akikazia neno, kiti kikashuka kidogo. Alipofika kwenye uvumilivu alikuwa sawa na watu wengine. Alipofika kwenye kuheshimu wakwe, kidevu chake kilikuwa sawa na meza. Hakuna aliyethubutu kucheka, jambo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi, na mjomba hadi leo anadai alirogwa. Wenzo umepinda. Penye wengi, husema wahenga, hapaharibiki jambo. Wahenga hawakuwa na viti vya kuchagua.

6. KUBADILISHIWA. Haya yote ningeyameza. Lakini kutoka katika msiba wa mshona nguo nilirudishiwa pia kiti nisichokijua, tena cha plastiki. Rangi yake zamani ilikuwa nyeupe. Mguu mmoja umeshonwa kwa waya, na mgongoni kina ufa uliozibwa kwa kipande cha ndoo. Nilitaka kirudishwe siku hiyohiyo, mke wangu akasema nikigeuze tu nisome alama, nijue ni cha nani. Nilikataa na bado nakataa. Viti vyangu vyote nimevigeuza nikavisoma, lakini kiti cha plastiki hakina chini. Mtu mwenye elimu hageuzi ndala kutafuta sahihi ya fundi. Mwenye kiti hicho, popote alipo, ajitokeze akichukue, na akiweza aone haya.

Hakikuchukuliwa, kwa sababu Baba amekipenda. Amekiweka mlangoni na hapo ndipo anaposhinda kutwa, mikono yake juu ya mikono ya kiti, akisalimia wapitao. Nimemwambia kinaiaibisha nyumba. Akanijibu kwamba katika nyumba hii ndicho kiti pekee kisicho na kamba. Mke wangu, ambaye anakula akiwa kwenye kigoda cha jikoni kwa hiari yake mwenyewe, alisikia na akacheka kwa namna ambayo sikuipenda. Mke huyohuyo aliwahi kuniambia mbele ya dada zake kwamba aliolewa na mtu, na sasa anaishi na mlinzi.

7. BABA. Nimefika mahali ambapo kalamu ni nzito. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimechunguza nguo zangu. Viti vyangu havichukuliwi na muuza nyama, Mama Mwenyekiti. Vinatolewa. Baba anaposikia mkokoteni, hunyanyuka, huzifungua kamba zangu fundo moja baada ya jingine, na huvipitisha viti kwa mlango wa jikoni mimi nikiwa kazini. Kifua chake hakimruhusu kubeba hata birika, lakini kiti cha hakimu amekiburuza mwenyewe hadi barazani. Nimezikuta alama za miguu ya kiti sakafuni.

Unajua kazi aliyofanya. Kabla hajastaafu alikuwa ndiye mpiga sindano wa zahanati yetu. Nusu ya mtaa huu, pamoja na wewe mwenyewe, samahani kwa kukukumbusha, ilipita mikononi mwake ikiwa imelala kifudifudi. Kwa sababu hiyo hakuna makalio anayoyaona ya mgeni. Nikimwambia muuza nyama ni mzito mno kwa henzirani, ananijibu kwamba alimjua akiwa mtoto wa utapiamlo, anayebebwa mgongoni, na kwamba kila akimwona amejaa kitini anamshukuru Mungu. Utajadiliana vipi na mtu wa namna hiyo? Yeye anaona watoto wake waliopona. Mimi naona henzirani inakatika.

Tangu baridi ilipoanza kifua kimemzidi. Hawezi tena kulala chali. Usiku tunamwegemeza kwa mito, na asubuhi anaomba atolewe mlangoni kwenye plastiki yake. Wiki iliyopita nilikuwa nafunga kamba upya, kwa fundo la kimizigo ambalo vidole vyake haviwezi kulifungua, naye akinitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, siku yangu watu watakaa wapi?"

Sikupenda swali lile. Nilimwambia asiseme hivyo, na kwamba hata hivyo jambo hilo nimelifikiria, watu watakaa kwa zamu. Nimechora hata mpango: wazee kwanza, kwa uzito, kila mmoja kwa muda wa heshima, kisha wanampisha mwingine. Nilimweleza vizuri kabisa. Akaomba maji ya kunywa.

Kwa sababu zote hizo, Mama Mwenyekiti, naiomba Kamati iamue yafuatayo.

(a) Nyumba ya Mlango wa Kijani ifutwe katika utaratibu wa viti kuanzia sasa. Haitaazimisha, na kwa haki hiyohiyo haitaazima. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa maoni yangu kiti cha kuazima hakiyasitiri zaidi. Siku nitakapofikwa nitajitosheleza. Sitamtazamia mtu yeyote mtaani hapa kuniletea hata kigoda.

(b) Muuza nyama aelekezwe kupita mbele ya mlango wangu bila kupunguza mwendo.

(c) Fundi Rangi aondoe herufi zake juu ya samaki wa buluu kwa uangalifu, nikiwa nimesimama hapo.

(d) Baba apewe onyo la maandishi na Kamati. Mimi nikimwonya anacheka. Wewe pengine atakusikia, ingawa nakutahadharisha kwamba naye atakumbuka sindano ulizozililia.

Nikimalizia, naomba usiichukue barua hii kama ya mtu mchoyo. Mimi nawapenda majirani zangu, nawapenda wakiwa wamesimama. Nisalimie Kamati nzima, mshona nguo na kazi zake, fundi bomba na wakwe zake wapya, na wale ndugu wawili wa kona, ambao nafurahi kuwaona wakitembea pamoja. Msalimie pia muuza nyama, popote alipoegemea. Mke wangu anakusalimu kutoka jikoni. Baba naye anakusalimu, amesema nikuulize kama lile jipu la utotoni liliacha kovu.

Ni mimi, katika ujirani mwema,
Mkaguzi.

TANBIHI

Mama Mwenyekiti, anza kusoma hapa. Ya juu yaache.

Barua hii niliikunja jana nikawa natafuta wa kuileta. Sina karatasi nyingine. Leo asubuhi Baba aliomba atolewe mlangoni kama siku zote. Mke wangu akamfunika shuka mabegani, akaingia ndani kumchemshia chai. Aliporudi alimkuta amekaa vilevile, ameegemea, mikono yake juu ya mikono ya kiti, lakini alikuwa ameshaondoka.

Hatukupiga kelele. Nilisimama katikati ya sebule nikiwaza nimwambie nani na kwa mdomo gani, nami nimekwisha kujitoa kwa maandishi. Nilikuwa bado nimesimama hapo niliposikia mkokoteni.

Wamekuja wote. Muuza nyama ameleta viti vya upande wote wa juu, na hakuna aliyemtuma. Mshona nguo, ambaye nilizunguka msibani kwake nikitazama mikwaruzo, amekuja na mabenchi yake kichwani. Uani pamejaa, na wengine wamepanga hadi kwenye bomba.

Nimezikata kamba zote kwa kisu cha jikoni, lile fundo langu lilikuwa halifunguki. Nimevitoa viti vyangu nje kwa mikono yangu. Wale ndugu wawili wa kona wamenisaidia kukibeba cha kinyozi, halafu wakaenda kukaa kwenye jiwe. Hakuna anayevikalia, Mama. Watu wanavizunguka kama vimepakwa rangi mbichi. Muuza nyama amesimama tangu alipofika, analia kama mtoto. Nimemshika mkono nikampeleka kwenye henzirani, akasema, "Hapana, Mkaguzi. Nitakiumiza." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Nakuomba uje uwaamuru wakae. Mimi hawataniamini, wewe watakusikia. Na Fundi Rangi aje na kopo lake avitie alama vyote, kwa brashi yoyote anayopenda.

Liko jambo moja zaidi. Tulipomtoa Baba kitini nilikigeuza kile cha plastiki. Kina mwezi mwekundu. Ni chako, na najua utaratibu unasema kila kiti kirudi kwao. Lakini mikono yake imeanza kung'aa, pale alipokuwa akishika. Nimepapasa, ni mng'ao wenyewe.

Njoo uchague chochote katika vyangu, Mama. Chukua cha hakimu, chukua vyote. Hiki niachie.